Mwaka Niliolinda Povu

Tulimzika sista Odile, masere Odile kama tulivyomwita, siku ya Jumanne, katika ule mwezi wa baridi ambapo Likasi nzima hunuka moshi wa majani makavu na watu huvaa makoti mpaka saa nne za asubuhi. Nilikuja kwa miguu kutoka Panda pamoja na wanawake wawili wa parokia yetu. Baada ya maziko tuliketi uani mwa nyumba ya masista, kwenye viti vya plastiki, tukala bukari, ugali wetu, na dagaa wa kapenta. Mezani kwetu walikuwapo wanawake saba au wanane, wote wanafunzi wake wa zamani, wote sasa ni bibi za watu. Hawakuzungumza juu ya mitihani wala vyeti. Walizungumza juu ya samaki. Mmoja alivimbisha mashavu na kutembeza macho pole pole kumwiga yule samaki mkubwa wa bluu ambaye wasichana walimwita Prefe, kwa sababu alizunguka siku nzima kama mkuu wa shule anayekagua madarasa, na sote tukacheka, ingawa ulikuwa msiba. Kisha mama mmoja nisiyemjua akauliza, "Me nani alikuwaka anatunza ile basini? Masere peke yake hangeweza." Nikasema, "Ni minye." Wakanigeukia wote. Niliwasimulia kidogo tu, kwa kuwa chai ilikuwa inapoa na waliotoka mbali walikwisha kutazama saa. Hapa nitasimulia yote, kwa utaratibu, jinsi Mungu alivyonijalia kuyakumbuka.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mwezi wa tisa nilipokewa pamoja na wasichana wengine watatu kwa mwaka mmoja wa majaribio, ili masista watuangalie na sisi tuwaangalie. Kila mmoja alipewa kazi ya mwaka mzima. Nilikuwa nimeomba moyoni nipewe kapela: kupiga pasi vitambaa vya altare, kupanga maua, kuwasha mishumaa. Kapela alipewa mwenzangu ambaye hakuwa na hamu nayo kabisa, na mimi nikaambiwa, "Serafina, weye utatumika kwa masere Odile, kwa basini." Nilikuwa bado sijui basini ni nini. Nilifikiri ni beseni la kufulia.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa chumba cha kulia cha wageni. Ulikuwa na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, madirisha mawili marefu yanayopokea jua la asubuhi, na ukutani, upande wa jikoni, basini: kioo kinene mbele, saruji nyuma, urefu wa hatua tano, ukingo wake ukinifika kifuani. Ndani yake mlikuwa na lita elfu mbili za maji ya bahari, katika mji ambao mtu anaweza kusafiri siku nyingi pande zote bila kuiona bahari. Sista mmoja mzee wa Ulaya ndiye aliyelijenga, na aliporudi kwao alimwachia masere Odile, aliyekuwa mwalimu wa biolojia. Chumvi yake ililetwa kwa magunia kutoka ng'ambo, si hii ya jikoni, nasi tuliichanganya na maji ya mvua kutoka paani. Samaki walikuwa kumi na mmoja: wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari, weusi wenye mikia ya njano, na Prefe. Wasichana wa Likasi, na wa Kambove, na wa Kakontwe ambao baba zao walirudi jioni weupe kwa vumbi la chokaa, walipangwa mbele ya kioo kile darasa baada ya darasa. Nimewaona wakinyamaza, wale watoto wasionyamaza hata kanisani. Masere Odile mwenyewe alikuwa ameiona bahari kwa siku nne tu za maisha yake, huko Muanda, na alisema kwamba siku nne zinatosha kama mtu anatazama vizuri.

Lakini kazi yangu haikuwa samaki. Kando ya basini ulisimama mrija mnene wa plastiki, mwangavu, mrefu kama mtoto wa miaka kumi, nao ndio niliokabidhiwa. Pampu ilisukuma maji ya basini yaingie juu ya mrija na kushuka. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha mti, kidogo kama kibiriti, na hewa ilisukumwa ipenye ndani ya mti huo na kutoka kama mapovu madogo sana, laini kama unga. Mapovu yalipanda huku maji yakishuka, na njiani yalishika ule uchafu usioonekana ambao samaki huacha majini: ute, mabaki ya chakula, mafuta, kinyesi kilichoyeyuka. Juu, mrija ulikuwa na shingo nyembamba. Povu lilijikusanya shingoni, likapanda, likamwagikia katika kikombe, na humo likageuka maji ya rangi ya chai nzito yenye harufu ambayo mpaka leo siwezi kuilinganisha na kitu. Kila asubuhi baada ya misa nilimwaga kikombe kile, nikaosha shingo kwa maji ya moto na siki, bila sabuni hata kidogo, nikakirudisha. Pasipo povu, masere alinieleza, uchafu unabaki majini, maji yanaoza bila kubadilika rangi, na siku moja unakuta samaki wamelala ubavu.

"Kila asubuhi," aliniambia siku ya kwanza, "mbele ya kuangalia samaki, angalia povu. Samaki iko na haya, inaficha ugonjwa. Povu haifichi."

Alinifundisha kulisoma. Povu zito, jeusi kidogo, linalopanda pole pole, ni zuri. Povu jepesi lenye maji mengi lamaanisha maji yamepanda mno ndani ya mrija; funga ufunguo wa maji, ile koki ndogo ya mrija, robo ya robo, kisha ngoja saa nzima kabla ya kuugusa tena. Mapovu yakiwa makubwa kama mbaazi, mti umeziba. Nilikuwa msichana mwenye haraka. Katika wiki za kwanza niligeuza ufunguo ule kulia na kushoto kama mtu anayetafuta kituo cha redio, mpaka masere akaja akanishika kifundo cha mkono na kusema kwa upole, "Mama, acha ipumue. Unaiuliza swali, kiisha haungoje jibu." Nimewaambia maneno hayo watu wengi baadaye, wachumba, wajane, watoto wa katekesi, na hakuna aliyejua yalitoka kwenye ufunguo wa maji.

Ilikuwa zamu yangu pia kuosha sahani za masista, na kati ya jikoni na chumba chao cha kulia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula ambacho hakikufunga vizuri. Ndivyo nilivyosikia, mwezi wa kwanza, mvua ikipiga mabati, yale ambayo sikupaswa kusikia. Samaki wawili walikuwa wamekufa mfululizo baada ya Noeli. Mamere Beatrice, mkuu wa nyumba, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, alikuwa akila sombe, majani ya muhogo, polepole.

"Odile, ile basini inakula kuran ya umeme kushinda jiko. Na bana makumi tatu ba kushona banaketi chini, kwa baraza, mvua inabanyeshea."

"Mamere, bale bana habatafika ku bahari hata siku moja."

"Na kwa kushona batafika wapi? Batafika ku kula." Nikasikia kijiko kikiwekwa mezani. "Tunaenda mpaka Pasaka. Kama samaki zinaendelea kufa, tunatosha mayi yote inje, tunaingiza mashini za kushona. Minye sina roho mubaya. Niko na chumba moja tu."

"Eyo, mamere," alisema masere Odile.

Ningependa kuandika kwamba mamere alikuwa mkali na masere alikuwa na haki, lakini haikuwa hivyo. Mamere alisema kweli. Niliwajua wale wasichana wa kushona, niliwaona wakikunja miguu kwenye saruji yenye unyevu. Baadaye nilipoingia ukumbini kufunga madirisha, nilimkuta masere amesimama mbele ya kioo, mikono nyuma, hatazami samaki yeyote. Aliniona, akasema tu, "Serafina, povu iko namna gani?" Nikajibu, "Iko muzuri, masere." Lilikuwa zuri jioni ile. Wiki iliyofuata lilianza kupungua.

Kwanza lilichelewa kupanda. Kisha likapanda vidole viwili shingoni na kuanguka lenyewe, kama maziwa yaliyoondolewa motoni. Kikombe, ambacho nilizoea kukikuta nusu, kilikuwa kikavu. Tulifanya yote kwa mpangilio. Nilisugua shingo mpaka ikang'aa. Tulitoa mpira wa hewa, tukakuta chumvi imejikusanya ndani kama kutu, tukauzibua kwa waya wa baiskeli. Masere alifungua pampu, akatoa konokono mdogo. Bado. Mwishowe tulivuta kile kipande cha mti, tukakuta kimekuwa cheusi na chenye utelezi. Vipya vilikuwa vimekwisha, na barua ya kuagiza vingine ilihitaji miezi kwenda na kurudi. Nakumbuka masere akikigeuza mkononi na kusema, "Kumbe tunangojea Ulaya juu ya kipande cha muti. Hapa kwetu, katikati ya miti."

Ndipo akamwita papa Kalenga. Alikuwa seremala wa nyumba, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Kabla ya kustaafu alikuwa ametumika kiwandani Panda, pale ambapo mawe ya shaba husagwa na kutiwa katika matangi ya povu waliyoyaita selile. Alikuwa amepita mlangoni kwetu mara mia akibeba mbao, lakini hakuwahi kuusogelea mrija. Aliinama, akatazama mapovu yakipanda na maji yakishuka, akavua kofia.

"Aaa! Shi ni selile yetu hii! Bameifanya kaloko, kadogo hivi!"

"Selile gani, papa?"

"Selile ya povu, mutoto! Minye nilitumika miaka makumi mbili na tatu mbele ya povu. Mukubwa wa kazi alikuwa anapita, anauliza, 'Kalenga, povu iko je?' Haulize mashini, anauliza povu." Akainua kikombe, akanusa, akakunja uso. "Na hii munaipeleka wapi?"

"Tunaitupa. Njo uchafu."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Munatupa povu! Sisi, povu njo ilikuwa mali! Shaba inapanda na povu, udongo inabakia chini, tunatupa udongo. Weye unatupa povu, unalinda mayi. Masere, hawa bantu bamegeuza dunia."

Tangu siku ile alikuwa wetu. Kipande cha kwanza alikichonga kwa mulombwa, kwa sababu ndio mti aliouheshimu, na baada ya robo saa maji ndani ya mrija yaligeuka mekundu kidogo. Masere aliruka kuzima pampu. "Papa Kalenga, unataka samaki zikunywe divai?" Naye, bila kutabasamu, "Ni arusi ya Kana, masere. Niliona divai haina." Tulicheka sana, nadhani kwa sababu tulikuwa na hofu. Cha pili alikichonga kutoka tawi la mwavoka, yaani mparachichi, lililovunjwa na mvua uani, akilikata kwa kupinga nyuzi ili hewa ipite, akalikausha siku mbili juu ya tanuri ya mkate. Hicho kilikubali. Mapovu yalitoka laini, meupe, mengi, mrija mzima ukawa kama umejaa maziwa. Tulishikana mikono. Kisha tukatazama juu. Povu lilifika vidole viwili, likaanguka.

Siku zikapita hivyo, Kwaresima ikaanza. Samaki mwingine alikufa, mmoja wa wale wa rangi ya chungwa, na mamere alipopita ukumbini aliwahesabu wanane kwa kidole. Mimi nilizidisha bidii. Niliingiza mikono majini mara nne, tano kwa siku, kuokota kila chembe ya chakula, kusugua mwani kwenye kioo, nikiamini kwamba usafi wa mikono yangu utafanya ambalo povu limeshindwa. Chumvi, iliyoanza kunipasua ngozi tangu mwezi wa kwanza, sasa ilinitoa damu vidoleni, nami nikazidi kujipaka asubuhi na mchana yale mafuta ya mawese ambayo mpishi, kwa huruma, alikuwa amenipa wakati ule kwenye kikopo.

Wiki mbili kabla ya Pasaka masere Odile alilazimika kwenda Lubumbashi kwa siku tatu kwa ajili ya shule. Aliniachia neno moja. "Usibadilishe kitu. Hata kama povu iko kiloko. Unaangalia, unaandika, basi." Nikasema eyo.

Siku ya pili, mchana, Prefe aliacha kukagua. Alisimama juu karibu na uso wa maji, mdomo ukifunguka na kufungika. Papa Kalenga alikuwa anatengeneza dirisha. Nilimwita. Tulitazama povu lile maskini.

"Unajua inakosa nini?" akasema. "Inakosa dawa yake. Ku Panda, povu ikilegea, hatusali, tunatia matone. Mafuta ya povu. Inasimama palepale, kama askari."

"Masere alisema tusibadilishe kitu."

"Masere haiko. Na samaki iko inaomba pole." Akanitazama, akaona machozi. "Mutoto, minye nilitumika miaka makumi mbili na tatu."

Alikuwa na kichupa kidogo nyumbani, alichokitunza kama wengine wanavyotunza picha ya ndoa. Alikileta. Kilinuka msonobari, harufu safi, ya kutuliza. Akatia matone matatu juu ya mrija. Sitamlaumu. Ujuzi wake wote, wa kweli na wa heshima, ulikuwa unamwambia hivyo, na mimi ndiye niliyepewa amri. Nilisema, "Tia ingine mbili."

Povu likasimama kama askari. Lilipanda shingoni kwa kasi, jeupe, zuri, likajaza kikombe, na papa Kalenga akapiga makofi. Kisha likakivuka kikombe. Likateremka mrija, likaenea kwenye vigae, nalo halikuacha. Nilifunga ufunguo, lilizidi. Nikazima pampu, lakini dawa ilikwisha kuingia basini, na juu ya maji yote, urefu wa hatua tano, kulikuwa na ngozi nyeupe inayotetemeka. Chini yake samaki wanane walipanda wote pamoja, wakahema. Mmoja mweusi mwenye mkia wa njano aligeuka ubavu mbele ya macho yangu.

Kengele ya sala ya jioni ilikuwa imelia. Nilisikia masista wakianza kuimba kapelani, ng'ambo ya ukumbi. Papa Kalenga alisimama na kichupa mkononi, uso wake umekuwa wa kijivu. "Mama, nimefanya nini," alisema, hakuniuliza mimi. Nilijua jambo moja: ndani ya ghala mlikuwa na magunia matatu ya chumvi, ya mwisho, na maji mapya ndiyo pekee yangeweza kuosha dawa ile. Na nilijua la pili. Ghala lilikuwa na funguo mbili tu, ya masere aliyekuwa Lubumbashi na ya mamere. Kwenda kuomba ufunguo ni kusema yote, na kusema yote ni kulimaliza basini kwa mkono wangu, na pengine kurudi kwetu na sanduku langu. Nimeulizwa mara nyingi na vijana ni lini nilihisi wazi kwamba Mungu ananitazama. Wanangoja niwaambie ni mbele ya Sakramenti. Ilikuwa pale, miguu ikiwa ndani ya povu, na ni dakika mbili nzima nilizosimama bila kwenda. Sizifichi. Samaki wa pili aligeuka katika dakika hizo.

Kisha nikakimbia. Niliingia kapelani na sketi iliyolowa, nikapita katikati ya viti mpaka kwa mamere, nikapiga magoti na kusema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mamere, nimeua basini. Masere alinikataza, minye nikafanya. Ninaomba ufunguo ya chumvi." Wimbo ukakatika. Mamere alinitazama. Sikuweza kusoma kitu usoni pake. Akafunga kitabu chake, akaweka utepe mahali pake bila haraka, akawaambia wenzake, "Bamasere, tutamaliza sala na mikono. Simameni."

Sijaona jioni nyingine kama ile. Masista kumi na mmoja, wengine wa miaka sabini, walivua mitandio myeupe na kukunja mikono ya mavazi. Jikoni tulijaza mapipa yote, hata lile la kinywaji cha munkoyo, kwa maji ya mvua, tukamwaga chumvi, tukakoroga kwa miti ya bukari. Mamere mwenyewe alishika chombo cha kioo kinachoelea, cha kupimia uzito wa maji ya chumvi, akaniuliza, "Inasimama wapi?" Nikamwonyesha alama. "Haijafika bado. Ongeza." Papa Kalenga alitoa maji machafu kwa mpira, akienda na kurudi kama kijana, machozi yakimtoka waziwazi. Sista mmoja alipeperusha maji kwa ungo ili yapate hewa. Sista mwingine aliteleza kwenye povu akaketi chini kwa kishindo, na mamere akasema, "Hata weye umekuwa samaki," na ndipo nilipogundua kwamba mtu anaweza kucheka wakati huohuo anapojuta.

Tulibadilisha karibu nusu ya maji. Watatu walikufa. Watano waliishi, na Prefe alikuwa mmoja wao, amepauka, amelala pembeni nyuma ya jiwe. Mamere alifuta mikono, akavuta kiti, akaketi mbele ya kioo. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi pale. Alikaa kitambo kirefu. Mimi nilikuwa napangusa sakafu nyuma yake. Mwishowe akauliza, akiwa amegeukia kioo, "Ile ingine, ya mistari, inalala wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Hm." Akaenda.

Masere Odile alirudi kesho yake jioni. Nilimpokea langoni na kumwambia yote kabla hajatua mkoba, yangu kwanza, kisha ya papa Kalenga. Hakupandisha sauti. Alikwenda ukumbini, akawatazama watano wale mmoja mmoja. Kisha akaupandisha mguu kwenye kibao na kutazama mrija, ambao tulikuwa tumeuwasha upya asubuhi. Nami nikatazama. Shingoni povu lilikuwa limesimama, zito, la rangi ya chai, na kikombe kilikuwa na kidole kizima cha uchafu.

"Leo umeingiza mikono mara ngapi?" aliuliza.

"Hata mara moja, masere. Niliogopa kuigusa."

Akachukua mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole chake juu ya ngozi yangu iliyopasuka, akakinusa. "Mawese."

"Ni juu ya vidonda. Mpishi alinipa."

"Kuanzia siku gani?"

Nikahesabu. Ilikuwa tangu wiki ile ile povu lilipoanza kuanguka. Mikono yangu ilikuwa imeanza kuniuma mwezi wa kwanza. Mafuta ya kula, si kama yale ya papa Kalenga, hata kidogo sana, masere alinieleza, hata yale yanayobaki kwenye ngozi, hulala juu ya maji na kuvunja kila povu linalozaliwa. Mti wa papa Kalenga ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza. Pampu ilikuwa nzima. Kadiri nilivyozidi kuhangaika kuwasaidia samaki, ndivyo nilivyozidi kuliua povu lao, mara nne, mara tano kwa siku.

Nililia, na masere aliniacha nilie. Halafu akaniletea beseni la maji ya moto na limau, akaniosha mikono yeye mwenyewe, kila kidole, akaifunga kwa kitambaa kikavu. "Minye njo nilipaswa kuona hii mikono," alisema. "Nilikuwa ninaangalia samaki tu." Mimi nilimwomba msamaha kwa kutotii, naye alinipa, lakini nilichokibeba miaka yote hii ni kwamba yeye pia aliniomba mimi. Nimefundisha katekesi miaka thelathini na zaidi. Sijapata njia bora ya kueleza toba kuliko mwanamke yule aliyepiga magoti mbele ya beseni.

Niseme tu kwamba mwaka ulipokwisha masista waliona, na mimi niliona pamoja nao, kwamba wito wangu ulikuwa nje ya nyumba ile. Niliolewa, nikazaa, nikazika mume, nikafundisha watoto wa wengine njia ya ubatizo, na namshukuru Mungu kwa yote. Sikuondoka kwa aibu. Papa Kalenga alikuja arusini na kofia yake ya sufu.

Lakini kabla ya hayo ilikuja Pasaka. Mamere hakuwa amesema lolote juu ya uamuzi wake, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Masere Odile aliendelea na kazi kama kawaida, ingawa chakula kilirudi nusu sahanini mwake. Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, nilisikia sauti za watoto ukumbini, nikajua si darasa lake, kwa sababu yeye alikuwa nami jikoni akichemsha siki. Tulikwenda pamoja, tukasimama mlangoni. Wasichana wote wa kushona walikuwa wamejipanga mbele ya kioo. Mashine zao sita zilikuwa zimeingizwa na kusimamishwa kwa mstari chini ya madirisha marefu, upande wa jua, na basini lilikuwa palepale, limejaa maji. Mamere Beatrice alisimama kando ya mrija, fimbo ya kuonyeshea mkononi.

"Sasa hii," alikuwa anawaambia kwa sauti yake nzito, "ni kifua ya basini. Samaki zinavuta hewa mbaya, zinaitosha inje, hewa mbaya inapanda hapa, inakuwa povu. Mumeona? Samaki zinakohoa, njo hii makohozi yao."

"Eyo, mamere," wakaitikia wote thelathini.

Hakukuwa na sentensi moja ya kweli katika maneno yale. Nilimgeukia masere Odile, mwalimu wa biolojia, ambaye sijawahi kumwona akiacha kosa la mwanafunzi lipite, hata la herufi. Alikuwa ameegemea kizingiti cha mlango, mikono imekunjwa, na hakusema neno.